Ulinzi Aliopewa Lydia Ndahani

Lydia Ndahani hakuwa mtu wa maneno mengi. Waliomjua tangu usichana wake pale Mhelule, kijiji kilichojibanza nyuma ya vilima, si mbali na Kibaigwa, walishangaa waliposikia kwamba siku hizi ndiye anayesimama mahakamani. Alikuwa mwanamke wa jembe na kanisa. Alilima uwele na karanga, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na mboga yake ya mlenda mumewe Joel aliwatambia wenzake kwamba haina mfano hadi Mpwapwa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, Priska, naye akaolewa Gairo mapema. Joel hakuoa mke wa pili. Ndugu zake walimsema sana kwa hilo, naye akawaacha waseme.

Joel alikufa kwa ugonjwa wa kifua, wakati serikali imekwisha kuachia biashara ya nafaka na kila mwenye mtaji anaruhusiwa kununua na kuuza apendavyo. Zamani shamba lao la kando ya lami halikuwa na maana kubwa. Lilikuwa shamba kama mengine, tena lenye kokoto. Lakini malori yalipoanza kufurika Kibaigwa, na madalali kutafuta mahali pa kujenga maghala, kokoto zile zikapata wapenzi. Matanga hayajaisha, Yotham, kaka mkubwa wa marehemu na mjumbe wa serikali ya kijiji, alimweka Lydia kitako na kumweleza, kwa upole kabisa, kwamba desturi iko wazi: yeye atamrithi mjane, na shamba litarudi kwenye ukoo.

Lydia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, mimi si jembe la marehemu hata nigawiwe."

Akaenda Mahakama ya Mwanzo. Kesi ilivutwa kama mpira. Leo hakimu anaumwa, kesho wazee wa baraza hawajatimia, keshokutwa Yotham ana udhuru wa msiba. Lydia alikwenda kila tarehe aliyopewa, kwa miguu, amefunga karanga kwenye pindo la khanga. Mwishowe hakimu akaamua kwamba shamba alilifungua yeye na mumewe kwa jasho lao, na ataendelea kulilima. Yotham alimpa mkono mbele ya watu. Alitabasamu, lakini mkono aliutoa haraka.

Baada ya hapo wajane wenzake wakaanza kumjia. Wa kwanza alikuwa Tabu, mwanamke mdogo aliyebaki na watoto wawili baada ya mumewe kufa machungani. Alikuwa mwoga kiasi kwamba alizungumza huku khanga imeziba mdomo. Yeye naye shamba lake liligusa lami, na mashemeji zake walikuwa wamekwisha kulipima kwa kamba. Lydia hakujua sheria. Alichofanya ni kutembea naye mpaka mahakamani, kukaa naye kwenye benchi, na kumwambia njiani, "Sema kilichotokea, usilie. Ukilia watakuhurumia, na huruma haigawi shamba." Tabu hakulia, na shamba likabaki lake. Wakafuata wengine, hata wa vijiji vya mbali. Wanaume wa Mhelule wakampa Lydia jina la Mama Mahakama. Mwanzoni walilisema kwa kucheka. Baadaye kicheko kikaisha.

Siku moja aliamka akakuta mbwa wake amenyongwa na kuning'inizwa mlangoni, ili atakapofungua mzoga umpige usoni. Siku nyingine karanga zake zilikuwa zimeng'olewa zikiwa changa, mstari kwa mstari, kwa utulivu, kama kazi ya kibarua. Yotham alipokutana naye njiani alimuuliza habari za nyumbani, akamwonea huruma kwa kuishi peke yake, akamwambia awe mwangalifu.

Lydia akaenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo hakuwa mtu mkali. Alimpa kiti, akasikiliza habari ya mbwa na ya karanga, akamuuliza kama alimwona aliyefanya. Hakumwona. Basi, akasema, maneno na vitisho havivunji mfupa, wakimfanya jambo lolote aje.

"Nikiwa nimekufa nije vipi, afande?" Lydia aliuliza.

Mkuu wa kituo alimwambia aiheshimu ofisi.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Desemba ilipita kwa upepo na vumbi, Januari ikaleta manyunyu ya kudanganya, uwele ukachipua ukafa. Ng'ombe wakaanza kuanguka, na watu wakarudia kula majani waliyokuwa wameyasahau. Katika mkutano wa kijiji Yotham alisimama akasema neno moja tu, akaketi: kwamba yeye hajui mambo ya mbinguni, ila anakumbuka mvua ilianza kupungua tangu wanawake walipoanza kuwaburuta wanaume mahakamani. Hakutaja jina. Jina lilitajwa na watu wenyewe, visimani na vilabuni, mpaka likawa halihitaji ushahidi. Lydia kaifunga mvua.

Walimfuata Jumapili, akitoka ibadani. Mchungaji alikuwa amekwenda kuhubiri kijiji cha pili, kwa maana alihudumia makanisa mengi. Vijana walitangulia na kina mama wakafuata nyuma, wengine wakiwa bado na vitabu vya nyimbo mkononi. Wakamkalisha katikati ya uwanja wake, juani, wakamtwika mtungi wa maji kichwani, wakamwambia asiushushe mpaka aifungue mvua. Jua la Ugogo la msimu wa njaa halina adabu. Alikaa hivyo toka saa za asubuhi mpaka kivuli cha nyumba kikahama upande. Shingo ilipotetemeka na maji kumwagika, walijaza tena. Yotham alikaa kivulini, kwenye kigoda, hakuinua hata sauti. Mara moja alimwita mtoto ampelekee Lydia maji ya kunywa, na watu wakamsifu kwa ubinadamu.

Kisha wakamleta Tabu. Walimsimamisha mbele ya wote, wakamuuliza alichokiona. Tabu alivuta khanga mpaka mdomoni. Ikabidi aulizwe tena, na tena, mara ya mwisho na Yotham mwenyewe, kwa sauti ya baba anayemwongoza mtoto kusoma.

"Nilimwona akifukia chungu shambani," alisema Tabu. Wala hakumtazama Lydia.

Hapo ndipo jembe lilipotiwa motoni. Wazee walisema hicho ni kiapo cha zamani: asiye na hatia haungui. Aliyelishika kwa koleo na kuliweka kwenye kiganja cha Lydia alikuwa kijana aitwaye Sila. Lydia alikuwa amemfundisha shule ya Jumapili, akamfundisha na kuandika jina lake. Wengine wawili walimshika kifundo cha mkono asiuvute. Lydia aliungua, kwa hiyo ana hatia. Wakabomoa paa la tembe lake, wakatia moto ghala lenye chakula kidogo kilichobaki, katika mwaka ambao watu walikuwa wakilala njaa. Aliona wanawake wawili wakizima moto upande mmoja ili wachote uwele kabla haujaungua wote. Aliwajua. Mmoja alikuwa amelala nyumbani kwake siku tatu za kesi.

Walipotawanyika alitembea hadi barabarani. Dereva wa lori la mahindi alimchukua bila kumuuliza kitu, akamshusha zahanati, na kutoka zahanati Lydia akaenda kituoni, mkono umefungwa kitambaa, kwani alikuwa ameambiwa wakimfanya jambo aje.

Mkuu wa kituo alipomwona alimsogezea kiti. Kisha akasema kijiji kimechafuka, na kama angemwachia akauawa, yeye angeulizwa. Alikuwa na wajibu wa kumlinda. Kituo hakikuwa na mahabusu ya wanawake, hivyo akamweka kwenye chumba cha vielelezo, katikati ya baiskeli za wizi na mitungi ya gongo, akafunga mlango kwa nje. Lydia alidhani ni kwa usiku ule. Zikapita wiki. Kila alipouliza, alijibiwa kwamba ni kwa usalama wake. Chakula alipata pale askari fulani alipokumbuka. Kidonda kilianza kunuka, na vidole vya mkono wa kushoto vikajikunja kuelekea kiganjani, vikashikana humo kama ngumi. Waliomuunguza walikuwa majumbani mwao. Shambani kwake, mafundi walianza kuchimba msingi wa ghala la dalali mmoja, na aliyewaonyesha mipaka alikuwa Yotham.

Aliyemtoa ni Bi Mwanaharusi wa Majengo, mjini Dodoma. Huyu alikuwa Mwislamu wa ukoo wa wale waliokuja na misafara ya pwani enzi za babu zao wakabaki, mnene, mwenye sauti ya sokoni, muuza nafaka. Kwa miaka mingi alinunua karanga za Lydia. Siku ya gulio Kibaigwa aliuliza mbona haonekani, wachuuzi wakamwambia kwa kunong'ona. Akaacha mzigo wake unapakiwa, akaenda kituoni, akapenyeza macho kwenye dirisha lenye nondo. Hakuutambua uso, ila aliutambua mkao.

"Dada Lydia," aliita. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Bi Mwanaharusi. Nimelindwa."

Bi Mwanaharusi hakurudi kwenye mzigo wake. Alikwenda kwenye ofisi ya wakubwa wa mkuu wa kituo, akasema amekuja kumtoa dada yake. Walimuuliza, dada yake vipi, na yule ni Mgogo, tena Mkristo. Akawajibu kwamba hakuja kuhesabiwa nasaba. Walimwambia aje kesho, akaja. Walimwambia tena, akaja na mkeka. Aliswali adhuhuri barazani kwao, akaswali alasiri, na kila mgeni aliyepanda ngazi alimsimulia, kwa sauti ile ile ya kuuzia mahindi, habari ya mwanamke aliyefungiwa na mitungi ya gongo kwa kosa la kuunguzwa mkono. Ilipotokea siku moja mgeni mmoja alikuwa mwandishi wa gazeti, simu ikapigwa. Lydia akaachiwa jioni ile ile. Yotham, Sila na mmoja wa walioushika mkono wakakamatwa, wakapewa dhamana asubuhi yake.

Lydia alihamia chumba cha uani nyumbani kwa Bi Mwanaharusi. Mkono ulipona kwa namna yake. Alijifunza kuchambua karanga kwa mkono mmoja, na usiku alilala chali, mkono kifuani, kwa kuwa ukiguswa na shuka uliwaka. Kesi ya kujeruhi na kuchoma mali ilifunguliwa mahakama ya wilaya, lakini mwendesha mashtaka alimwambia wazi kwamba haina miguu. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani siku ile, na kijiji kizima hakikuona kitu.

Ndipo Tabu akaja Majengo. Aliuliza njia sokoni kwa watu mbalimbali mpaka akafika, miguu imejaa vumbi, mtoto mgongoni. Bi Mwanaharusi alimkaribisha ndani. Lydia hakuinuka.

"Mbukwa, dada," Tabu alimwamkia kwa Kigogo.

Lydia hakuitikia.

Tabu akasimama pale pale mlangoni akayasema. Walimwambia asipotoa ushahidi, yeye ndiye atakayekaa juani, na shamba litakwenda. Alisema uongo ili abaki na shamba. Tangu siku ile hawezi kulala, na mvua, aliongeza, haikunyesha hata hivyo. Alitaka kwenda mahakamani akaseme alivyoona. Halafu akauliza kama Lydia amemsamehe.

"Kaseme kwanza," Lydia alijibu.

Alimpa chai, akampa mkate, lakini neno lenyewe hakumpa. Bi Mwanaharusi alimtazama sana usiku ule.

Wote wawili walijua hatari iliyokuwa ikimngoja Tabu. Walimwomba abaki Majengo mpaka kesi iishe. Alikataa, kwa sababu mtoto wake mkubwa alikuwa Mhelule kwa bibi yake, na mwaka ule mtama ulikuwa umekubali kidogo, ndege wangeumaliza. Lydia akaenda kwa mwendesha mashtaka kuomba shahidi alindwe. Mwendesha mashtaka, labda kwa kukumbuka ulinzi wa kwanza, aliona haya kidogo. Akaahidi doria itapita kijijini mara kwa mara.

Siku ya ushahidi Tabu alipanda kizimbani, na kwa mara ya kwanza Lydia alimwona akizungumza bila khanga mdomoni. Alieleza mtungi, jua, jembe, moto. Alitaja aliyeshika koleo na walioshika mkono. Yotham alipopewa nafasi ya kuuliza, alimuuliza maswali mawili tu.

"Mwanangu, siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa kivulini."

"Nilimgusa?"

Tabu alifikiri. Alikuwa ameapa kusema kweli. "Hukumgusa," alisema.

Kesi ikaahirishwa hadi siku ya hukumu. Nje ya mahakama Lydia alimwomba askari ampeleke shahidi mpaka kwake, maana jua lilikuwa linashuka. Askari akasema gari halina mafuta. Tabu mwenyewe alisema atapata lori, asiwasumbue. Alimshika Lydia ule mkono mbovu kwa mikono miwili, akauangalia, akaondoka. Lydia alikuwa na neno mdomoni. Aliona aibu kulisema mbele ya askari, akajiambia atalisema siku ya hukumu.

Kabla ya siku hiyo Tabu alikutwa kisimani, kwenye korongo la mchanga ambako wanawake wa Mhelule huchimba maji ya kiangazi. Alikuwa ameinamia ndani, kichwa chini. Daktari aliandika kwamba alizama. Kisima kile maji yake hayafiki gotini, na ukichota ndoo moja lazima ungoje yajae tena.

Watu walimshauri Lydia asiende mazikoni. Alikwenda, na Bi Mwanaharusi alimsindikiza. Ng'ombe wa msiba alitolewa na Yotham. Yotham ndiye aliyezungumza kaburini kwa niaba ya kijiji, akasema marehemu alikuwa mama mwenye bidii na kwamba maji ya korongoni yana hatari. Lydia alipopita kuwapa pole wafiwa, mikono ilirudi ndani ya nguo, mmoja baada ya mwingine. Mama yake Tabu peke yake ndiye aliyempa mkono, na alimwambia kitu kimoja, polepole, akimwangalia machoni: "Ungemwacha tu na uongo wake."

Hukumu ikasomwa. Sila na mwenzake walipata kifungo kifupi, wakarudi kijijini wamenenepa. Yotham aliachiwa huru. Hakimu alieleza kwamba hakuna shahidi aliyemwona akishika jembe wala moto, na kukaa kivulini si kosa la jinai. Watoto wa Tabu wakachukuliwa na mashemeji pamoja na shamba. Shamba likauzwa, na watoto wakapelekwa machungani. Uchaguzi ulipokuja, Yotham aligombea udiwani, na kwenye mabango yake aliitwa mpatanishi.

Lydia alifuata suala la kisima kwa miaka. Alihamia Nzuguni, nje kidogo ya mji, akajenga chumba kimoja kwa msaada wa Bi Mwanaharusi na Priska, akawa anauza mlenda mkavu na karanga sokoni Majengo, na kila alipopata nafasi alikwenda ofisi hii na ile kuuliza Tabu alizamaje katika maji ya kifundo cha mguu. Wakubwa walihamishwa, wapya wakaja, kila mpya akataka aanze upya. Wengine walimjua kwa mkono kabla ya kumjua kwa jina. Kulikuwa na mmoja, kijana, aliyemsikiliza mpaka mwisho na machozi kumlengalenga. Huyo alihamishiwa mbali kabla jalada halijasogea.

Jioni moja mwanamke aitwaye Restuta alifika Nzuguni kumtafuta. Alikuwa mjane wa huko barabara ya Mpwapwa, mashemeji wamemfungia mlango wa nyumba yake, na shauri alilofungua lilikuwa liitwe Jumatatu. Alikuwa amesikia kuna mama anayewapeleka wanawake mahakamani.

Lydia alimpa maji. Kisha akamweleza yote bila kupunguza: mbwa, mtungi, jembe, chumba cha vielelezo, na Tabu. Alimwonyesha mkono. Akamwambia, "Sheria iko upande wako, na unaweza kushinda, mimi nilishinda. Lakini nisikudanganye, ukishinda hakuna atakayekulinda. Ukiamua, nitakuwa mlangoni pa mahakama Jumatatu."

Restuta alimaliza maji yake. Aliuliza tu watoto wa Tabu wana umri gani sasa. Halafu akafunga khanga yake vizuri, akashukuru kwa maji, akaondoka.

Jumatatu Lydia aliwahi. Alikaa kwenye benchi la nje, pembeni ya wenye kesi zao, mkono ameufunika. Jua lilipopanda, Restuta alitokea. Hakuwa peke yake. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wa ukoo wa mumewe, mmoja amembebea kikapu kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Wakaingia. Haikuchukua muda. Restuta alimwambia karani kwamba shauri lake limemalizwa nyumbani, ameridhika, hana madai tena. Alitoka akapita mbele ya benchi bila kugeuza shingo, na shavuni, chini ya ushungi, alikuwa na uvimbe mpya.

Lydia alihisi kifua chake kinapata nafuu. Huyu hatakufa, aliwaza, huyu ataishi. Na mara ile nafuu ikamchoma, kwa sababu aliijua ni ya nani: ilikuwa ndiyo hasa waliyotaka aipate, wao waliokaa kivulini. Hakuinuka. Karani alipotoka kuita jina la shauri linalofuata, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye Lydia hakuwahi kumwona, aliangaza huku na huku akitafuta mahali pa kukaa. Lydia akasogea, akampisha.